Ushindani wa Umeme Huanza Pale Mwekezaji Anapoweza Kupata Hasara

Julai 2019 Waziri wa Fedha wa Ghana, Ken Ofori-Atta, aliwasomea wabunge mapitio ya bajeti ya nusu mwaka. Ndani yake kulikuwa na hesabu ambayo kila serikali inayotaka kufungua soko lake la umeme inapaswa kuisoma kabla ya kusaini chochote. Mitambo ya nchi ilikuwa na uwezo wa megawati 5,083, lakini mahitaji ya juu kabisa, yaani saa ile ambayo matumizi yamefika kilele, yalikuwa karibu megawati 2,700. Na kwa kuwa mikataba ilimtaka mnunuzi alipe hata asipotumia, Ghana ilikuwa ikitoa zaidi ya dola milioni 500 kila mwaka kwa ajili ya uwezo usiotumika.

Miaka michache nyuma nchi hiyohiyo ilikuwa gizani. Mgao mkali wa umeme uliokuja na mwaka 2012 na kudumu kwa miaka kadhaa uliumiza viwanda, hospitali na kaya, na serikali ikafanya kile ambacho serikali iliyobanwa hukifanya: ikawaita wawekezaji binafsi na kuwapa masharti waliyoyataka. Wakaja wengi. Mtu akiangalia orodha ya wazalishaji angesema ushindani umefika, kwa maana majina ya kampuni yalikuwa mengi. Lakini baada ya kusaini hapakuwa na jambo lolote la kushindania. Mzalishaji wa bei nafuu alilipwa na wa bei ghali akalipwa. Aliyehitajika na asiyehitajika wote walipokea hundi zao, na jumla ya hundi hizo ikaishia kwenye bili ya mtu aliyewasha taa mbili na redio, au kwenye deni la taifa lake.

Kwa hiyo nchi inapotangaza kwamba imeleta ushindani kwenye umeme, mimi siulizi kampuni ziko ngapi, wala siulizi kama shirika la umma limeuzwa. Nauliza swali moja: makadirio yakikosewa, nani anapata hasara? Mtu alikadiria mahitaji yatakua kwa kasi, akajenga mtambo, na mahitaji hayakukua. Kama hasara ni ya aliyejenga, hapo pana ushindani, hata kama wazalishaji ni wanne tu. Kama hasara ni ya mteja, huo ni ukiritimba uleule uliogawanywa kwa wenye hisa wengi zaidi.

Ni haki kueleza kwa nini mikataba ya aina hii ilienea. Mtambo wa umeme hugharimu fedha nyingi kabla haujauza hata uniti moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo. Benki inayokopesha haiangalii kama umeme unahitajika. Inaangalia kama mkopo utalipwa. Shirika la umma ambalo ndilo mnunuzi pekee mara nyingi lina madeni, bei zake hupangwa na wanasiasa, na hakuna anayejua kama litalipa mwakani. Benki ikadai dhamana, mwekezaji akapeleka dai hilo serikalini, na serikali ikaandika mkataba wa miaka 20 au 25 wenye malipo ya kila mwezi kwa mtambo kuwa tayari, uwashwe usiwashwe, kwa fedha za kigeni, tena mara nyingi ukiwa na dhamana ya hazina juu yake. Kila aliyekaa mezani alikuwa na sababu ya maana. Aliyekosekana mezani ni yule ambaye angelipa.

Tanzania iliujua uchungu huu mapema. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ulisainiwa mwaka 1995 kwa mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito pale Tegeta, Dar es Salaam. Ubishi juu ya gharama halisi za ujenzi ulifika kwenye usuluhishi wa kimataifa, mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002, na malumbano juu ya malipo hayo ya mwezi yakaendelea hadi mwaka 2014, Bunge lilipotikiswa na sakata la Tegeta Escrow, akaunti ambamo fedha za malipo yenye ubishi zilikuwa zimewekwa. Mtambo mmoja, na si mkubwa, ulilishughulisha taifa kwa karibu miaka 20.

Kenya nayo ina mfano wenye funzo jingine. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye megawati 310 kwa jumla, ulikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme wake, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la serikali, nayo haikuwa tayari hadi mwaka 2018. Mkataba ulisema wazi kwamba nyaya zikichelewa mzalishaji alipwe, na akalipwa mabilioni ya shilingi. Hapa mwekezaji hana lawama: alijenga alichoahidi. Aliyeshindwa ni upande wa umma. Hata hivyo hasara haikumwangukia yeyote aliyekuwa na uwezo wa kuharakisha njia hiyo. Ilimwangukia mteja, ambaye hakuwa na namna ya kuiharakisha wala ya kuikwepa. Hatari inapaswa kuwekwa mikononi mwa anayeweza kuidhibiti, na mwenye mita nyumbani hawezi kudhibiti ujenzi wa njia ya umeme jangwani.

Sasa tuangalie soko halisi lenyewe, maana wengi hulitaja bila kusema linavyofanya kazi. Umeme lazima uzalishwe sekunde ileile unapotumika. Kuuhifadhi kunawezekana kwa mabwawa ya kupandisha maji na sasa kwa betri, ila kwa kiasi kidogo ukilinganisha na matumizi ya nchi nzima. Uzalishaji ukizidi au ukipungua, mapigo ya mkondo wa gridi yanatoka kwenye kiwango chake, ambacho katika nchi nyingi ni hertsi 50, na yakitoka mbali mno mitambo hujizima yenyewe kujilinda, mmoja baada ya mwingine, hadi nchi nzima inabaki gizani. Ndiyo maana hata katika soko huria kabisa lazima awepo mwongoza gridi mmoja anayeamua dakika kwa dakika ni mtambo upi uwashwe. Nyaya nazo ni za mmoja. Hakuna nchi yenye akili itakayojenga njia tatu sambamba za msongo mkubwa ili kampuni tatu zishindane.

Kinachoweza kushindaniwa ni uzalishaji, na baadaye uuzaji kwa mteja. Katika soko la uzalishaji kila mwenye mtambo hutaja bei yake kwa saa fulani ya kesho. Mwongoza gridi hupanga ofa hizo kuanzia ya chini, anajumlisha megawati hadi mahitaji yatimie, na bei ya mtambo wa mwisho kuhitajika ndiyo inayolipwa kwa wote waliochaguliwa. Watu wengi hukasirika wakisikia hivyo: kwa nini bwawa ambalo maji yake ni ya bure lilipwe sawa na mtambo wa dizeli? Kwa sababu utaratibu huo humpa kila mzalishaji nia ya kutaja gharama yake ya kweli. Akitaja zaidi anajiweka kwenye hatari ya kuachwa, na akitaja chini ya gharama anaweza kuitwa kazini kwa hasara. Tofauti kati ya gharama yake na bei ya soko ndiyo fedha anayorudishia mtaji. Mtambo ghali usipoitwa haupati kitu katika soko hilo, na aliyeujenga kwa makadirio mabaya anaumia mwenyewe.

Lakini utaratibu huu una udhaifu mkubwa, na mtetezi wa ushindani akiuficha anawadanganya wasomaji wake. Chukua gridi yenye megawati 1,000 za uwezo na mahitaji ya megawati 900 usiku wa leo. Kampuni moja ikimiliki megawati 200, bila yake zinabaki 800 tu, na nchi haiwezi kuwasha taa zote bila kumpigia magoti. Hahitaji kula njama na yeyote. Anachohitaji ni kujua hesabu hiyo, halafu ataje bei anayotaka. Katika bidhaa nyingine mnunuzi husubiri kesho, au hununua kitu kingine. Kwenye umeme hakuna kesho, na kampuni yenye moja ya tano tu ya soko inakuwa na nguvu ambayo kwingine ingehitaji kumiliki soko karibu lote.

Uingereza ilijifunza hili kwa fedha za wateja wake. Soko la Uingereza na Wales lilipofunguliwa mwaka 1990, shirika la umma la uzalishaji lilivunjwa, na mitambo ya makaa ya mawe na mafuta ikagawiwa kampuni mbili tu, National Power na PowerGen. Sababu ya kuwa mbili inafaa kukumbukwa. Serikali ilitaka National Power iwe kubwa vya kutosha kuibeba mitambo ya nyuklia wakati wa kuuzwa. Mwaka 1989 ikaonekana nyuklia haiuziki, ikaondolewa, lakini mgawanyo ukabaki ulivyo. Kwa miaka iliyofuata kampuni hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiamua bei katika nusu saa nyingi za siku, na gharama za mafuta ziliposhuka bei haikushuka kwa kiasi hicho. Mwaka 1994 mdhibiti, Stephen Littlechild, alizibana zikubali ukomo wa bei wa muda na kuuza mitambo ya megawati 6,000 kwa wengine. Soko la mwanzo lenyewe lilifutwa na kuwekwa jingine mwaka 2001. Nchi yenye gridi kubwa, wachumi hodari na mahakama imara ilihitaji miaka 10 kurekebisha kosa la mgawanyo wa siku ya kwanza.

California ilikosea kwa namna nyingine, na naiona kuwa ndiyo mfano mzito kuliko yote. Sheria ilipitishwa mwaka 1996, soko likafunguliwa 1998. Kampuni kubwa za usambazaji ziliuza sehemu kubwa ya mitambo yao na zikatakiwa kununua umeme kwenye soko la siku kwa siku, huku mikataba ya muda mrefu ambayo ingezikinga ikiwekewa vizuizi. Wakati huohuo bei kwa mteja wa mwisho iligandishwa. Kiangazi cha mwaka 2000 joto lilipanda, maji ya mabwawa ya kaskazini yakapungua, gesi ikapanda bei, na bei ya jumla ikaruka. Wafanyabiashara wa kampuni ya nishati ya Enron na wengine waliona mwanya wakautumia, kwa kutengeneza misongamano ya bandia kwenye nyaya na kuhamisha umeme nje ya jimbo na kuurudisha kwa bei ya juu. Msambazaji alinunua ghali na kuuza kwa bei iliyogandishwa, kila uniti ikiongeza deni. Januari 2001 umeme ukaanza kukatwa kwa zamu, na Aprili mmoja wa wasambazaji hao wakubwa, kampuni ya PG&E ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Wapinzani wa ushindani huitaja California kama ushahidi kwamba umeme haufai kushindaniwa. Mimi naisoma kwa swali langu lilelile. Hatari ya bei ilitupwa kwa msambazaji, kisha akanyang'anywa kila chombo cha kuikabili: hakuruhusiwa kujikinga kwa mkataba, hakubaki na sehemu kubwa ya mitambo yake, hakuruhusiwa kupandisha bei. Mzalishaji kwa upande wake hakuwa na hatari yoyote, kwa kuwa uhaba ulimpa faida. Soko la namna hiyo lingeanguka popote.

Norway iko upande wa pili wa mizani, na sijui kwa nini hutajwa mara chache katika mijadala yetu ya kubinafsisha. Ilifungua soko lake mwaka 1991 bila kuuza shirika lake. Statkraft, mzalishaji mkubwa kuliko wote nchini humo, ilikuwa mali ya serikali na imebaki mali ya serikali. Mabwawa mengine mengi ni ya halmashauri. Kilichofanyika ni kuitoa njia ya kusafirisha umeme kutoka kwa mzalishaji na kuikabidhi Statnett, kampuni tofauti ya umma isiyouza umeme, na kumlazimisha kila mwenye nyaya kumpitisha yeyote kwa ada ileile. Mwaka 1996 Sweden ikaungana na soko hilo, kisha Finland na Denmark, na Statkraft iliyokuwa jitu nyumbani ikajikuta na washindani wa kutosha. Kumbe shirika la umma linaweza kushindana, mradi lishinde na lishindwe kama wengine. Mjadala wa kuuza au kutouza hula muda wote wa bunge, wakati uamuzi wenye uzito ni nani anamwongoza mwongoza gridi.

Hapo ndipo ningependa nguvu za wanamageuzi ziende kwanza. Kama mwongoza gridi ni idara ndani ya kampuni inayomiliki mitambo, ataiwasha mitambo ya nyumbani hata kama ya jirani ni nafuu. Hahitaji kuwa mwovu. Bosi wake ndiye anayempimia kazi, na mapato ya bosi yanatokana na mitambo hiyo. Mzalishaji mpya akiomba kuunganishwa, faili lake litakaa. Atasubiri tathmini ya uwezo wa njia, atasubiri transfoma, na mwishoni benki yake itachoka. Afrika Kusini ilikaa miaka mingi na tatizo hili. Kampuni ya kusafirisha umeme, NTCSA, ilianza kazi rasmi Julai 2024 ikiwa imetengwa na shughuli za uzalishaji za Eskom, shirika la umma la umeme la nchi hiyo, na sheria mpya iliyosainiwa Agosti mwaka huohuo ikaweka msingi wa soko la wauzaji na wanunuzi wengi. Ila NTCSA iliundwa ikiwa bado ni mali ya Eskom, na umiliki wa aina hiyo ukiachwa udumu, mzalishaji binafsi ana kila haki ya kutoamini kwamba foleni ni moja kwa wote.

Nchi yenye gridi ndogo haiwezi kuiga Norway kesho asubuhi. Ukiwa na mahitaji ya megawati 1,500 na bwawa moja linalotoa nusu yake, soko la kila saa litakuwa mchezo wa mtu mmoja. Huko ushindani mzuri ni wa kushindania haki ya kujenga, kwa mnada wa wazi. Serikali inatangaza kiasi inachohitaji na mahali, kila anayetaka anafunga bei yake kwenye bahasha, na wa chini anachukua. Brazil ilijenga mfumo wake mzima juu ya minada ya aina hii kuanzia sheria yake ya 2004. Mpango wa Afrika Kusini wa nishati jadidifu ulianza mwaka 2011 kwa bei ya umeme wa jua ya zaidi ya randi 2 kwa uniti. Kufikia awamu ya mwaka 2021 bei ilikuwa chini ya senti 50. Vifaa vya jua vilishuka bei duniani kote, ni kweli, lakini nchi iliyokuwa imesaini kwa mazungumzo ya chumbani ingebaki na bei ya zamani na mshuko ungekuwa faida ya mwenye mtambo. Zambia, nchi yenye soko dogo na madeni, ilipata mwaka 2016 ofa ya senti 6.02 za dola kwa uniti ya umeme wa jua kwa sababu iliandaa mnada safi wenye masharti yaliyojulikana mapema.

Mnada hauondoi mkataba wa muda mrefu, na sidai hivyo. Unachofanya ni kuhamisha hatari. Aliyeshinda kwa bei fulani akikuta saruji imepanda, hiyo ni shida yake. Akichelewa, anapoteza dhamana aliyoweka. Mkataba unaweza kulipa kwa umeme uliozalishwa tu, na pale ambapo mtambo wa akiba unahitajika kweli, malipo ya kuwa tayari yashindaniwe nayo kwa muda mfupi, miaka michache. Mtambo wa mafuta uliokodiwa kuokoa kiangazi kimoja hauna sababu ya kuwa kwenye bili za watoto ambao hawajazaliwa.

Wateja wakubwa nao wana sehemu yao katika mageuzi haya, na hapa kuna mtego ambao watetezi wa soko huupita haraka mno. Kiwanda cha saruji au mgodi ukiruhusiwa kununua umeme moja kwa moja kwa mzalishaji na kuupitisha kwenye gridi kwa ada, ushindani wa kweli unaanza, maana mnunuzi huyo anajua kuhesabu na mzalishaji anapata mteja asiye serikali. Naunga mkono. Lakini katika nchi nyingi mteja mkubwa ndiye anayefidia bei ya chini ya kaya maskini, na ndiye anayebeba sehemu kubwa ya malipo ya mikataba ya zamani. Akiondoka, gharama hizo haziondoki naye. Zinabaki kwa waliobaki, bei yao inapanda, wenye uwezo wanafunga paneli za jua kwenye mapaa, waliobaki wanapungua tena. Dawa ni kutenga ruzuku na deni la mikataba ya zamani kutoka kwenye bei ya umeme na kuviweka kwenye ada ya nyaya inayolipwa na kila anayetumia gridi, anunue kwa nani asinunue kwa nani. Wenye viwanda hawataipenda. Bila hivyo mageuzi yatakuwa njia ya wakubwa kutoka chumbani na kumwachia maskini hesabu.

Kuhusu ushindani wa rejareja, yaani kila kaya kuchagua kampuni ya kuiuzia umeme, nina maneno machache. Uje mwisho, kama utakuja. Uingereza iliruhusu kampuni nyingi zisizo na mtaji kuuza umeme ambao hazikuwa zimeununua mapema. Gesi ilipopanda mwaka 2021, karibu kampuni 30 zilianguka ndani ya muda mfupi, na gharama ya kuwahamishia wateja wao kwingine ikasambazwa kwenye bili za nchi nzima. Wenye kampuni walichukua faida ya miaka mizuri wakaacha hasara kwa wengine. Texas, Februari 2021, baridi kali ilizima mitambo na visima vya gesi, bei ya jumla ikakaa kwenye ukomo wa dola 9,000 kwa megawati-saa kwa siku kadhaa, na kaya zilizokuwa na mikataba ya kufuata bei ya soko zikapokea bili za maelfu ya dola. Hesabu rasmi ya jimbo iliweka vifo kuwa 246. Mtu aliyelala usiku hawezi kufuatilia bei ya kila dakika 15, na soko linalomtaka afanye hivyo limempa hatari asiyoiweza.

Halafu kuna fedha. Nigeria ilikabidhi karibu kampuni zake zote za usambazaji kwa wawekezaji Novemba 2013, pamoja na mitambo. Kwenye karatasi mgawanyo ulikuwa kamili. Lakini bei kwa mteja ilishikiliwa chini ya gharama, wateja wengi hawakuwa na mita wakatozwa kwa kukadiriwa, na wasambazaji wakalipa sehemu tu ya ankara za umeme waliopokea. Mzalishaji asiyelipwa halipi gesi, mwenye gesi haleti gesi, na mtambo mzuri unasimama. Ushindani wa juu hauwezi kuishi kama chini hakuna mapato. Uganda ilianza na shida hiyohiyo ikaishughulikia kwa njia nyingine: ililivunja shirika lake mwaka 2001, ikaipa kampuni binafsi iitwayo Umeme kazi ya usambazaji kwa miaka 20 kuanzia 2005, na upotevu wa umeme ukashuka kutoka takribani asilimia 38 hadi karibu 17. Ni kazi iliyoonekana. Ila kampuni hiyo ilihakikishiwa faida ya asilimia 20 juu ya mtaji wake, kwa dola, na mwisho wa Machi 2025 serikali iliurudisha usambazaji kwa shirika la umma. Naheshimu kilichofanyika kwenye mita na nyaya za Uganda. Lakini faida iliyohakikishwa kwa kiwango hicho kwenye biashara isiyo na mpinzani ni zawadi, na mteja wa Kampala hakuwahi kuulizwa kama anaitoa.

Kwa nchi zetu ndogo, mpinzani wa kweli yuko ng'ambo ya mpaka. Nchi za kusini mwa Afrika ziliunda umoja wao wa gridi mwaka 1995 na kuanza kuuziana umeme kwa ushindani wa siku inayofuata mwaka 2009. Mashariki, njia ya kilovolti 500 kati ya Ethiopia na Kenya ilianza kusafirisha umeme mwaka 2022, na ile ya Kenya na Tanzania ikafuata. Bwawa linalotawala soko la nchi moja ni mshiriki wa kawaida katika soko la nchi sita. Kinachokwamisha ni hofu ya kumtegemea jirani, na hofu hiyo ina mantiki, kwa kuwa kiangazi kikiwakumba wote kwa pamoja kila serikali itawasha kwake kwanza. Kwa hiyo mikataba ya kuvuka mpaka inahitaji adhabu ya fedha kwa anayekata, pamoja na mwamuzi ambaye si mmoja wao.

Jambo ambalo halihitaji kusubiri sheria mpya wala mkopo ni kuiweka mikataba hadharani. Si muhtasari wake, mikataba yenyewe: bei, kanuni ya kupanda kwa bei, malipo ya kuwa tayari, tarehe ya kwisha, dhamana ya hazina. Pamoja nayo itolewe kila siku orodha ya mitambo iliyowashwa, kwa bei gani, na ipi ya nafuu iliachwa na kwa nini. Wakubwa husema mikataba ni siri ya kibiashara. Siri ya kibiashara hulinda mtu dhidi ya mshindani wake, na mwenye mkataba wa miaka 25 wa kulipwa uwashwe usiwashwe hana mshindani wa kumwogopa. Anayefichwa ni mlipaji, na mdhibiti yeyote mwenye mamlaka ya kupanga bei anaweza kuanza mwezi ujao kwa kukataa kuingiza kwenye bili gharama ya mkataba ambao mlipaji haruhusiwi kuusoma.